Mnaokuja atachmenti Elsamere, hii nyumba ijueni kabla ya kuisimulia

Sasa nyinyi mnaokuja atachmenti huku Naivasha, kuna kitu nataka niwaambie mapema kwa sababu mimi nilikijua kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza nilipewa watoto arobaini hivi wa darasa la sita niwazungushe, nikajiamini kweli, nikasimama varandani nikawaambia hapa mnapoona ndipo Elsa, yule simba jike maarufu, alikuwa analala jioni. Watoto wakafurahi, mmoja akaanza kupiga picha sakafu. Mzee wa bustani alikuwa anafagia majani pembeni, akasimamisha ufagio akaniuliza taratibu tu, "Mwalimu, kwani Elsa alikufa mwaka gani?" Nikakwama. "Na hii nyumba walinunua lini?" Nikakwama tena, na watoto wote macho kwangu.

Basi shikeni hii. Elsa alikufa Januari 1961, alimalizwa na babesia, homa inayoletwa na kupe, na kaburi lake liko Meru. Joy na George Adamson, mke na mume waliomlea, walinunua hii nyumba ya kando ya ziwa mwaka 1967. Piga hesabu mwenyewe. Yule simba hajawahi kukanyaga hapa hata siku moja, kilichofika ni jina lake tu, Elsa wakaliunganisha na mere, neno la zamani la Kiingereza la ziwa. Mpaka leo sijui yule mtoto aliifanyia nini ile picha ya sakafu.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo mbele ya wageni kaa chini na daftari uandike miaka ifuatane, usitegemee ulichosikia kwa mwenzako aliyekutangulia, maana na yeye alisikia kwa mwenzake. Joy alizaliwa 1910 Troppau, sasa panaitwa Opava, Cheki, akaingia Kenya 1937, na umaarufu wake alianza kuujenga kwa kuchora maua na watu wa makabila ya hapa, simba walikuja baadaye. 1956 George, aliyekuwa askari wa wanyamapori kule kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kumbe ana watoto watatu mwambani. Wawili wakapelekwa bustani ya wanyama Rotterdam, akabaki mdogo kuliko wote ndiye Elsa. Waongozaji wengi hiyo risasi wanaipita haraka haraka wakidhani itaharibu stori. Mimi naona hapo ndipo stori inaanza, ukiiruka unabaki na mzungu na paka mkubwa. Na usimsahau Nuru, kijana wa bustani aliyepewa kazi ya kuwaangalia wale watoto wa simba kila siku, nimeona mara nyingi watoto wa shule za hapa wakikaa vizuri na kusikiliza wakisikia kuna Mkenya mwenzao mle ndani.

Halafu swali la lazima, Joy aliuawa na simba? Hapana. Alikufa 3 Januari 1980, na sio hapa, ni hifadhi ya Shaba, alikokuwa anamlea chui. Habari za mwanzo zilisema simba, baadaye ikajulikana ni majeraha ya silaha, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa. George naye aliuawa kwenye hifadhi ya Kora, Agosti 1989, na majambazi. Wadogo waambie aliuawa na mtu kisha endelea, wakubwa waambie yote, ila usiigeuze nyumba kuwa ya mazishi, maana hakuna aliyefia humu. Baada ya Joy nyumba ikawa chini ya Elsa Conservation Trust, ikafanywa kituo cha mafunzo ya mazingira, vitu vyake viko mle ndani na chai ya jioni inanywewa kwenye nyasi, mbega wakichungulia kutoka juu ya mti. Keki ikiachwa bila mtu, hesabu imeenda. Usiwalishe hata wageni wakikuomba kwa machozi.

Lakini wewe hukuja kunywa chai, umekuja kusoma ziwa, na ziwa lina historia ndefu kuliko nyumba. Hili ni ziwa la maji baridi ambalo halina mto unaotoka, Malewa na Gilgil zinaingia halafu maji yanapotelea chini kwa chini, ndiyo maana halijawa na chumvi kama Nakuru au Elementaita. Halafu watu wakaanza kuongeza vitu vyao. Samaki aina ya bass wa Marekani waliletwa 1929, kamba wa maji baridi wa Louisiana 1970 wakafagia mimea ya chini ya maji, gugumaji likafika miaka ya themanini mwishoni, mashamba ya maua yakazunguka ukingo, mafunjo yakapungua. 1995 likaingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. 2020 maji yakapanda mpaka yakafukuza watu majumbani, kwa hiyo ramani ya ukingo uliyopewa chuoni usiiamini, ukingo wenyewe utauona ukifika.

Kipimo utakachoanza nacho ni disiki ya Secchi ya kupima uwazi wa maji, sahani ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye kamba yenye alama kila sentimita kumi. Unaishusha mpaka isionekane, unasoma, unaipandisha mpaka itokee tena, unasoma, unachukua wastani. Inaonekana mchezo. Sasa shusha upande wa boti wenye jua na mng'ao usoni uone, utapata namba tofauti na mwenzako aliyekaa kivulini na mtagombana hadi nchi kavu, kwa hiyo ni upande wa kivuli, miwani ya jua vua, na afadhali mtu mmoja asome siku nzima kuliko kupokezana. Andika kwa penseli. Mimi niliandika kwa biro, maji yakaruka mara moja tu, kurasa mbili za asubuhi nzima zikawa bluu, ikabidi turudi majini mchana na upepo umeshaamka, na upepo wa Naivasha baada ya saa nane sio wa mtu mwenye boti ndogo. Jina lenyewe limetoka kwa Wamaasai, maji yanayochafuka, wao walishaona.

Usiku usitoke chumbani peke yako hata kama network inashika vizuri pale kwenye nyasi. Viboko wanapanda kula majani, hawana kelele kabisa, mnyama wa zaidi ya tani moja anakuja kama kivuli, na askari wa usiku ndiye anayejua wako upande gani leo. Mwamkie kwa heshima tangu siku ya kwanza, mpigie stori, maana huyo na mzee wa bustani ndio niliojifunza kwao zaidi ya kwenye faili lolote. Na sweta jamani, mita elfu moja mia nane na zaidi juu ya bahari, sisi wa kutoka pwani tulikuja na fulana tatu.