Betri inakufa pikipiki ikiwa imelala

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Maseno. Mwezi wa Machi nilinunua Honda CB500X iliyotumika kutoka kwa mtu wa Nakuru. Nikiitumia kila siku hainisumbui hata kidogo. Lakini nikiilaza Jumatatu hadi Ijumaa, nikibonyeza kuwasha nasikia tak-tak-tak, basi. Hii ni betri ya pili kufa. Fundi wa hapa kijijini anasema alteneta imeungua, nitafute pesa injini ifunguliwe. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, kwanza injini isiguswe. Umeandika mwenyewe kwamba ukiitumia kila siku hulalamiki. Sasa alteneta iliyoungua ingekuonea huruma kwa nini? Pikipiki hiyo ni ya injekta: pampu ya mafuta inakula umeme, kompyuta inakula, taa ya mbele nayo inawaka muda wote. Isipochaji ungeshazimikia barabarani kitambo. Ugonjwa unaojitokeza pikipiki ikiwa imelala, mara nyingi ni wa umeme kuvuja.

Fundi wako usimwite mjinga. Kazi yake kubwa ni Boxer za bodaboda, na Boxer hailali siku nne. Ikilala, ina kiki. Mtu anapiga kiki anaenda zake, betri mbovu haimshtui. Yako haina kiki. Hata kuisukuma kwenye mteremko hakusaidii betri ikiwa imekauka kabisa, kwa sababu pampu na kompyuta havina cha kula.

Tafuta multimita, hata ile ya bei ya chini ya duka la vifaa vya umeme. Chaji betri usiku kucha kwa chaja ya pikipiki, iache itulie saa chache, kisha pima. Iliyojaa na yenye afya husoma volti 12.8 hadi 13 hivi. Washa, panda hadi mizunguko kama 5,000 kwa dakika, pima tena kwenye betri. Ukiona kati ya 13.5 na 14.7, chaji iko sawa, na habari ya alteneta imeishia hapo. Ikikwama kwenye 12 na kitu, ndipo tutazungumzia zile waya tatu zinazotoka kwenye alteneta, ambazo kwa kawaida ni za manjano: injini ikinguruma, kila jozi inatakiwa kutoa volti za AC (umeme geu, kabla haujanyooshwa) zinazolingana, na injini ikiwa imezimwa, hakuna hata moja inayoruhusiwa kugusana na bodi. Ikipita 15, rektifaya, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, imekufa na inachemsha betri.

Na tafadhali, asije mtu akachomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti aone kama itazima. Huo mtindo umetoka kwa pikipiki za zamani. Kwenye injekta, volti zinaweza kuruka ghafla zikaunguza kompyuta, na hapo utaikumbuka bei ya betri kwa mapenzi.

Sasa tumsake mwizi. Zima swichi, toa ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri. Weka multimita kwenye ampea 10, na ukumbuke kuhamishia waya wake mwekundu kwenye tundu la 10A. Ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri, nyingine iguse ule waya uliofungua. Kwa namna hiyo umeme wote unaovuja unapita ndani ya mita. Usiguse swichi wala kitufe cha kuwasha wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Ikionyesha kidogo sana, hamia kwenye miliampea. Pikipiki isiyoongezewa kitu hunywa miliampea moja au mbili tu, za saa na kompyuta. Ukikuta 40, 50, 60, mwizi yumo. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine; itakayoshusha namba ndiyo njia anayopitia. Zikiisha zote na namba haijashuka, kuna kitu kimeungwa moja kwa moja kwenye betri.

Mimi nashuku traka, kile kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo. Pikipiki nyingi za bei huuzwa zikiwa nayo, na mnunuzi haambiwi. Inua kiti, chungulia chini ya tangi, tafuta kijisanduku cheusi kilichoviringwa tepu, chenye waya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi. Piga hesabu: miliampea 60 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 1.4 kwa siku. Betri ya ampea-saa 8 hadi 9 ikinyonywa siku nne, zaidi ya nusu imekwenda. Jumatatu hadi Ijumaa!

Kabla ya kuikata, angalia logibuku. Kama jina la mkopeshaji bado liko pamoja na la aliyekuuzia, hiyo si kazi ya koleo tena. Mwambie muuzaji amalize deni lake na uhamisho ufanyike kwa eCitizen. Kama logibuku iko kwa jina lako pekee, traka ni yako, itoe. Ukiitaka kwa usalama, weka chaja ndogo ya kudumisha betri siku ambazo husafiri.

Betri ya tatu usinunue bado. Betri ya risasi ikiachwa tupu, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake, na kila ikiishiwa hivyo hurudi na nguvu pungufu. Hizo mbili zilikufa hivyo, na mpya itazifuata. Hii uliyonayo, ichaji halafu uipime wakati wa kuwasha. Ikianguka chini ya volti 10, imechoka. Ukilazimika kuijampu kwa gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Ukimaliza niandikie namba tatu: betri ikiwa imetulia, injini ikiwa mizunguko 5,000, na miliampea za kuvuja. Na rangi ya waya utakazokuta chini ya kiti, hasa zile ambazo zinaonekana ziliungwa kwa kusokotwa na vidole.