Mwenye biashara Mwanza, anza na simu yako

Ukimgusia mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni habari za wadukuzi, anakucheka: "Mimi waniibie nini? Hayo ni ya mabenki." Natengeneza kompyuta na simu hapa mjini, na wanaofika mezani kwangu wakiwa wamepigwa ni wauza dagaa, wenye maduka ya vipuri, mawakala na wenye gesti. Benki ina watu wanaolipwa kuilinda usiku kucha. Wewe una simu moja yenye lipa namba, wateja na oda zote, na jioni mtoto anachezea gemu humohumo.

Wizi ninaouona zaidi hautaki hata utaalamu. Mama mmoja anayesafirisha dagaa alipigiwa na mtu aliyejifanya admini wa grupu la wafanyabiashara: "Mama, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye meseji zako, hebu nisomee nikuunganishe." Akamsomea. Kumbe ndizo za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine. Mchana wateja wake wa Dodoma wakapata ujumbe kwenye grupu: mzigo upo tayari, ila namba ya zamani inasumbua, tumeni kwenye hii. Wawili wakatuma.

Kinga yake ipo ndani ya WhatsApp yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke PIN yako. Hapo hata mtu akizipata zile tarakimu, anakwama kwenye PIN. Ukiwa humo angalia pia vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Halafu weka utaratibu na wateja leo, kabla hujapigwa: namba ya malipo haibadilishwi kwa meseji. Anayeambiwa imebadilika apige kwanza kwa namba anayoijua siku zote, asikie sauti. Kwa maoni yangu hili lina faida kuliko antivirus yoyote utakayouziwa.

Kwenye kompyuta, kinachouma ni virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuta daftari lote la madeni halifunguki. Nakala walikuwa nayo, tena kwenye flashi, ila flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile mwezi mzima. Ikafungwa nayo. Kwa hiyo tumia diski mbili kwa zamu, moja ikae nyumbani, na mara mojamoja ujaribu kufungua mafaili yake uone kama yanasoma. Kulipa wezi sishauri. Hakuna kinachowalazimisha kukurudishia.

Windows ya kukreki, yaani isiyo na leseni, iliyozimwa masasisho ndiyo mlango wenyewe. WannaCry ya Mei 2017, virusi vya aina hiyohiyo ya kufunga mafaili, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake Machi mwaka uleule. Na Windows 10, ambayo bado naikuta kwenye maduka mengi hapa, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Wafanyakazi: kila mtu na nywila yake, akiacha kazi ifutwe siku hiyohiyo. Wenye gesti, acheni kurundika picha za vitambulisho vya wageni kwenye simu ya mapokezi. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na zikivuja utaulizwa wewe.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji za kitapeli zipeleke 15040.

Ukishapigwa, usikimbilie kwa fundi. Pigia kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wako wazuie pesa na laini, kisha wapigie wateja wakubwa mmoja mmoja. Ujumbe wa mwizi usiufute hata kama unakutia hasira. Upige picha ya skrini, nenda nao kituo cha polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako polisi, kwa sababu benki na kampuni ya simu wataiulizia.