Kwa wakalimani wapya wa Goma: msikimbilie "kwenda"

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ukalimani hapa Goma, mna vipawa kuliko tuliowatangulia. Kifaransa mnacho kutoka shuleni, Kiswahili kutoka nyumbani, na lafudhi ya Mkenya au ya Mmarekani mnaizoea kwa wiki moja. Lakini kila mwaka nakaa nyuma ya chumba cha mkutano na kusikia kosa lilelile katika sauti mpya: mgeni anasema go ya Kiingereza, kijana anatoa "kwenda", na vijineno vinavyofuata, kama on au off, vinaachwa vijitafutie njia. Nawaandikia kwa sababu wanaolilipia kosa hili ni watu wengine, si sisi.

1. Go yenye kijineno nyuma yake ni kitenzi kingine kabisa. Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwenye mkia wa kitenzi: kutoka enda tunapata endelea na endesha, na hakuna mtu wa Birere anayesikia "endelea kuongea" akafikiria miguu. Basi go on ni kuendelea, go over the list ni kuipitia orodha, go without food ni kukaa bila kula.

2. Kifaransa kitawasaidia ofisini, kisha kitawaacha mkishuka tereni, yaani kazini nje ya ofisi. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa wa huko kwa karne kadhaa. Tangu hapo Kiingereza kimejaa maneno ya Kifaransa na Kilatini: explode, continue, examine, diminish. Mwanafunzi wa Katindo anayatambua bila kamusi, na ripoti zimeandikwa kwa hayo. Lakini muuguzi, dereva na askari wakifungua mdomo wanasema go off, go on, go over, go down. Maneno marefu ndiyo ndugu zetu. Haya mafupi, yanayoonekana kama ya darasa la kwanza, ndiyo yanayohitaji usiku wenu wa kusoma.

3. Go off. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu walipoumia. The milk went off: maziwa yameharibika. The lights went off: taa zimezimika. Lakini the bomb went off, bomu limelipuka. The alarm went off, king'ora kimeanza kulia. Katika mji ambao umeme unakatika ovyo, mkalimani mchanga hukutana kwanza na taa. Anaandika kwamba go off ni kuzimika, anafunga daftari.

Kulikuwa na ghala moja lililovunjwa usiku. Mkaguzi akatumwa kutoka ng'ambo, akawaita walinzi wawili wa zamu, kijana wetu akakaa katikati. Mkaguzi akauliza: When the alarm went off, what did you do? Kijana akageuza bila kusita: "King'ora kilipozimika, mulifanya nini?" Papa aliyekuwa mkubwa wa zamu akajibu ukweli mtupu: "Tulirudi pahali petu, tukakaa." Jibu likavuka kwenda Kiingereza bila kupungukiwa neno. Sasa lisikieni kwa masikio ya mkaguzi: king'ora kinalia, ghala linavunjwa, walinzi wanarudi kukaa. Hakuuliza zaidi, aliandika. Mle ndani hakuna aliyesema uongo, na walinzi wote wawili walisimamishwa kazi.

Walichofanya king'ora kikilia hakikuulizwa kamwe. Walizunguka uzio na tochi, wakampigia simu msimamizi, wakamfukuza mtu mpaka barabarani. Nilivisoma baadaye katika barua yao ya kujitetea, waliponiletea niitafsiri. Nikaiweka pembeni ya ripoti, nikaona papa alijibu swali ambalo mkaguzi hakuliuliza. Nikamwita yule kijana. Alisoma, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Yaya, nifanye nini?" Nikamwambia twende wote ofisini leo hii, kabla hawajafunga. Alieleza mwenyewe, amesimama, mbele ya wakubwa, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Papa alirudishwa kazini. Lakini mshahara wa mwezi ule haukufika nyumbani kwake, na watoto walikuwa wamekwisha kufukuzwa shuleni kwa ajili ya minervali, yaani karo. Mwenzake alikuwa ameshapanda boti kwenda Bukavu kutafuta kazi nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri go off, tazameni ni kitu gani kinachotajwa. Mkisita, ulizeni: kilianza au kiliacha? Kuuliza ni haki ya mkalimani, na mgeni mwenye akili atawashukuru. Mtakaotumwa pamoja na wategua mabomu, lishikeni hili kuliko yote: guruneti ambalo didn't go off halijalipuka, bado linaweza kuua, na watoto hawapaswi kulisogelea.

4. Subirini mwisho wa sentensi. Go haipasuliwi kirahisi, lakini dada yake put inapasuka: they put the distribution off until Thursday. Ukianza na "wameweka" umekwisha kupotea, maana off inakuja nyuma na kusema kwamba ugawaji umeahirishwa hadi Alhamisi.

5. Daftarini andikeni sentensi nzima, na mtu aliyeisema.

6. Mnaokwenda hospitali: homa iki-go down imeshuka, na mama atafurahi. Lakini mtoto aki-go down with malaria, ameshikwa na malaria. Ziandikeni sentensi zote mbili kwenye ukurasa mmoja kabla hamjaingia wodini.