Tiwi hadi Diani kwa miguu: usitoke mchana

Hapana, ndugu yangu. Umeuliza pa kulala, pa kula samaki, na kama mnaweza kutembea ufuoni toka Tiwi hadi Diani, huku kusini mwa Mombasa, Jumamosi "tukishakula cha mchana", na watoto. Jumamosi hiyo ni kesho yake ya mwezi mpevu. Usithubutu!

Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya kusini huku hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa pomoni saa kumi au kumi na moja jioni. Tofauti huweza kukaribia mita nne. Wala hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza tangu yageuke huoni kitu. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja mbio, na karibu nusu ya maji yote huingia hapo. Ndiyo saa mtakayokuwa kwenye mlango wa mto Mwachema, unaotenganisha Tiwi na Diani.

Sisi tulivuka pale adhuhuri, maji magotini, tukapumzika chini ya mibuyu ya Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale upande wa Diani. Kijana aliyetutembeza alituapia kwamba mto huvukika siku nzima, akapokea chake, akaenda zake. Mpaka leo sijamsamehe. Kazaliwa pale, maji anayajua, na aliona tuna mtoto!

Saa tisa tukarudi. Maji kifuani, mkondo unavuta kuingia mtoni, mtoto mabegani mwangu. Katikati mchanga ukanitoka nyayoni. Simu na begi vikaenda. Mke wangu akaburuzwa kwenye jiwe la matumbawe, paja likachanika, na kidonda kikatunga usaha, hospitali ikawa ndiyo kwetu. Wavuvi wenye mtumbwi ndio waliotutoa.

Na barabara ilikuwa nyuma yetu! Upande wa Diani unapanda tuktuk hadi Ukunda, kisha matatu ya Likoni, unashuka njia panda ya Tiwi. Hela kidogo tu. Tuling'ang'ania ufuo kwa kuwa gari lilikuwa Tiwi.

Tazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, usiku wa kuamkia siku ya kutoka. Tokeni masaa mawili kabla ya maji kupwa kabisa. Yakishageuka, harudi mtu kwa ufuo, mnarudi kwa lami. Atakayekuambia "maji bado", muulize leo yamepwa saa ngapi, akibabaika, usimfuate.

Viatu vya raba, si kandambili, ile miamba inakata. Sasa andika hapa mtatoka saa ngapi.