Muuzaji ndiye anahamisha wateja, si mnunuzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza, ukinunua biashara ya mwenzako mtaani unafanya nini ndio wateja wake wasikutoroke. Mimi niko kwa biashara ya intaneti ya antena huku Kangundo Road, Ruai, Kamulu mpaka Joska, na nilinunua netiweki ya jamaa tuliyekuwa tumepakana naye. Jibu langu ni moja: mlipe muuzaji abaki. Usimlipe pesa yote siku ya kwanza halafu ukamwacha aende zake.

Watu wakiskia umenunua netiweki wanauliza mambo ya mitambo tu, na mitambo ndiyo kazi rahisi. Kama wateja wanaingia kwa PPPoE, yaani kila mtu ana jina na paswadi yake ya kuingilia, unachukua hayo majina na paswadi vile ziko unaziingiza kwa MikroTik yako, ile ruta kubwa ya netiweki, ukihamisha laini mtu anaona intaneti imekatika dakika kidogo ikarudi, na ruta yake ya nyumbani hata hujaigusa. Angalia tu majina yasigongane maana mtaani kina "mamabrian" wako wengi, na anwani za mitambo pia, kwa sababu MikroTik mpya inatoka kwa katoni na 192.168.88.1 na mafundi wengi wanaiacha hivyo hivyo, sasa ukiunganisha netiweki mbili zote ziko na anwani hiyo utashinda siku nzima ukitafuta shida iko wapi. Na usihamishe usiku ukidhani watu wamelala. Huku kwetu kuna vijana wengi wanafanya kazi za online za Marekani, na mchana wa kule ni usiku wa hapa, hiyo saa tisa ya usiku unaiona tulivu ndiyo mwenzako yuko kazini. Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi ni afadhali zaidi, hao wamelala, watoto wako shule, na hakuna mechi ya kumtia mtu hasira.

Shida kubwa iko kwa pesa. Mteja amezoea Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa, ya yule wa zamani, iko kwa simu yake, kidole kinaijua. Wewe unatuma meseji, "Ndugu mteja, kuanzia leo lipia intaneti kwa namba ifuatayo." Sasa hebu isome vile yeye anaisoma. Mkenya gani hajawahi kutumiwa "ile pesa tuma kwa hii namba"? Matapeli wametufunza miaka mingi kwamba namba mpya ni wizi, kwa hivyo mteja anaipuuza, na amefanya vizuri kabisa kuipuuza. Analipa kule kwa zamani, mfumo wako hauoni pesa, tarehe ikifika unamkata, na huyo ni mtu amelipa. Akikupigia anakuta sauti haijui. Hapo umempoteza, na kwa vile anaongea na majirani hauwezi kusema umepoteza mmoja.

Ndiyo maana nasema muuzaji abaki. Sisi tuliandikiana kwa wakili kwamba sehemu ya pesa yake inabaki kwangu mpaka malipo ya wateja yahamie kwangu, na yeye Paybill ya zamani haifungi, kila jioni tunaangalia pamoja nani amelipia kule na ananitumia. Meseji ya kubadilisha namba ilitoka kwa simu yake, si yangu. Kwa grupu ya WhatsApp alirekodi sauti, watu wakaskia ni yeye mwenyewe. Kwa wakubwa, yaani shule, saiba na wenye ploti, tulienda kwa mguu, yeye akiongea mimi nikisalimia. Laini yake ya simu singeweza kuichukua kwa sababu ndiyo ya familia na M-Pesa yake, lakini kila mteja akipiga anajibiwa na mtu anamjua halafu anapewa namba yangu. Hiyo kazi ya kupokea simu mimi naihesabu kuwa na thamani kuliko antena zote nilizokuta kwa mapaa.

Kitu kingine, ukipewa ile Excel ya wateja usiangalie wanaolipa sana. Angalia sifuri. Kuna mtu amewekewa intaneti ya bure, mwingine nusu bei, na mnunuzi mgeni anaona hao ni wakula bure anawakata ndio mahesabu yapendeze. Uliza sifuri moja moja! Huyo ni keateka, yaani msimamizi wa jengo, ndiye ako na ufunguo wa kupanda juu kwa mlingoti. Huyo mama wa duka swichi yako imechomekwa kwa soketi yake na tokeni za stima ananunua yeye. Huyo pasta aliruhusu antena ikae kwa kanisa wakati hakuna mtu mwingine alikubali. Hiyo bure ni kodi ya nyumba, tofauti ni kwamba haikuandikwa mahali. Ukimkata keateka, Jumamosi stima ikipotea kwa mlingoti hakuna mtu atakufungulia, na nusu ya mtaa iko gizani ya intaneti. Sisi hizo ahadi tuliziandika zote, muuzaji akiwa hapo, na nikazishika vile zilivyokuwa.

Vilevile kuna waliolipa mbele. Mtu alipewa ofa alipe miezi kadhaa, pesa ililiwa kitambo na hiyo huduma sasa ni deni lako. Hesabu hayo madeni kabla ya kuweka sahihi na uyatoe kwa bei ya kununua, lakini mteja mwenyewe asiskie hayo mambo kabisa, siku zake apewe zote.

Bei usiguse mapema. Ongeza spidi kwanza kama una uwezo, watu waone, ndio baadaye mzungumze bei, na uwaambie mwezi mmoja mbele. Mambo ya sheria pia yako, leseni ya Communications Authority, wale wanasimamia mawasiliano Kenya, haihami tu eti kwa sababu mmepeana pesa, na kuna sheria ya kulinda data ya 2019, watu walitoa namba zao ndio wapate intaneti, si ndio uanze kuwatumia matangazo ya biashara yako nyingine.

La mwisho ni wale huwezi kuwahudumia. Hapa kwetu ploti zinapanda kila siku, ghorofa mpya ikisimama katikati ya mlingoti na nyumba ya mtu, au mti ukikua, signal inakufa, na kuna wateja wa aina hiyo kwa kila netiweki utanunua. Wamekuwa wakilalamika kwa yule wa zamani, sasa wanatarajia wewe utafanya tofauti. Panda kwa paa lake uangalie kwa macho. Kama antena inaweza kupata mlingoti mwingine, hamisha, usimtoze. Kama haiwezi, mwambie ukweli hapo hapo, mrudishie pesa ya siku zilizobaki, na kama kuna faiba imefika kwa barabara yao mwambie achukue hiyo.