Maswali ya Wasomaji: Namba ya Cheti Imekubali, Sarafu Je?

Nimeiona mtandaoni rupia 15 ya Tabora, ile ya dhahabu yenye tembo iliyopigwa enzi za Wajerumani, ndani ya kasha la NGC, kampuni inayokagua sarafu na kuzipa gredi ya ubora. Bei iko chini ya nusu ya wauzaji wengine. Nimeingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya NGC na kila kitu kimelingana: jina la sarafu, mwaka 1916, hata gredi. Nitume hela? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usitume bado. Ulichothibitisha ni kwamba kuna sarafu, mahali fulani duniani, iliyowahi kupewa namba hiyo. Kwamba ndiyo hii ya kwenye tangazo, hilo hujalithibitisha. Mghushi hatungi namba. Anaichukua kwenye picha ya mnada wa kweli, anachapa lebo, kisha anafunga shaba iliyochovywa dhahabu ndani ya kasha la kuiga. Akichapa lebo 50 za namba moja, tovuti itazikubali zote 50.

Kwa hiyo acha namba, nenda kwenye picha. NGC na PCGS, kampuni nyingine ya gredi, wameweka kwenye tovuti zao picha za sarafu nyingi walizozipitisha. Fungua picha ya cheti hicho, iweke kando ya picha ya muuzaji, chagua alama tatu ambazo hakuna aliyezipanga: mkwaruzo, doa, ukingo uliogongwa. Kwa sarafu hii anza na ubavu wa tembo na anga iliyo juu ya milima, maana sehemu pana hazifichi kitu. Mkwaruzo wa kwenye tovuti usipoonekana kwa muuzaji, huenda ni mwanga tu. Omba picha nyingine iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Lakini mkwaruzo mzito ulioko kwenye tovuti na ambao hauonekani kwa pembe yoyote ya mwanga hauna utetezi. Ukikuta mikwaruzo ileile, mahali palepale, kwenye sarafu mbili zenye namba tofauti, zikimbie zote mbili: kuna sarafu moja iliyotumika kutengenezea muhuri wa kughushi, na mikwaruzo yake imenakiliwa pamoja na tembo.

Rupia ya Tabora ina kipimo kingine kizuri ambacho waghushi wengi hukisahau. Ilipigwa kwa aina mbili. Upande wa tai, pambo la kulia linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA kwenye aina moja (9,803), na chini ya A ya kwanza kwenye aina ya pili (6,395). Kuza picha uone linaishia wapi. Kama cheti kinasema T na pambo limefika kwenye A, sarafu hiyo si ya kasha hilo, na mazungumzo yameisha.

Ikiwa cheti ni cha zamani na hakina picha, andika namba yake kwenye mtambo wa kutafutia. Minada mikubwa kama Heritage huhifadhi picha za sarafu ilizouza. Kisha mwombe muuzaji picha mpya: pande zote mbili, lebo ikisomeka, na kando yake karatasi yenye tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Aliyeiba picha za mtu hawezi kuipata hiyo. Aliye na bandia mkononi anaweza, ndiyo maana picha mpya haifuti kazi ya kulinganisha.

Na hiyo bei. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu yake ni 750 kwa 1,000, yaani takriban gramu 5.38 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo. Wakusanyaji huilipia zaidi ya madini yake, kwa hiyo bei inayokaribia thamani ya madini pekee inapaswa kukutisha kabla ya kukufurahisha.

Dola ya Morgan ya 1893-S, ile ya fedha ya Marekani yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco, imeshanifikia, iko ndani ya kasha. Naikaguaje bila kulivunja? (Msomaji, Mombasa)

Usilivunje kabisa, ukilifungua, dhamana ya kampuni ya gredi imekwisha na muuzaji atakuwa na sababu ya kukataa kuipokea tena.

Anza na kasha. Makasha ya kweli huunganishwa kwa mtetemo, si kwa gundi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wote: gundi iliyovimba, mwanya, au dalili za kukwanguliwa kwa kisu ni dosari. Soma lebo kwa lenzi ya sonara, maana wino uliotapakaa kando ya herufi ni wa printa ya nyumbani. PCGS walianza kuweka chipu ya NFC (inayosomwa na simu ikiguswa) kwenye baadhi ya makasha mwaka 2020, hivyo ligusishe na simu. Kama halijibu huenda ni la zamani tu, usilihukumu kwa hilo.

Kisha sarafu. Sumaku kali ikiing'ang'ania, kuna chuma ndani na kesi imekwisha. Isipoing'ang'ania, hujajua lolote, kwa kuwa shaba iliyochovywa fedha nayo haivutwi. Sumaku inajua kutia hatiani tu, kuachia huru haijui.

Kwa 1893-S yenyewe, ambayo zilipigwa 100,000 tu, nenda kwenye neno LIBERTY lililoko kichwani mwa yule mwanamke. Kwenye sarafu halisi kuna mstari mwembamba ulioinuka, wa mshazari, sehemu ya juu ya T. Mstari huo ulitoka kwenye muhuri wa kupigia. Ghushi ya kawaida ya mwaka huu ni dola ya 1893 ya Philadelphia iliyobandikwa herufi S nyuma: fedha ni ya kweli, uzito ni wa kweli, mizani itakudanganya mchana kweupe. T haidanganyi.

Na ile isiyo na kasha? Sonara wa mtaani anataka kuikwangua kwenye jiwe. (Msomaji, Tabora)

Mkatalie; mkwaruzo wa jiwe utaishusha hadhi, na kampuni za gredi hazitoi gredi kamili kwa sarafu iliyoharibiwa. Tumia maji. Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.01 na glasi ndogo.

Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sufuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta, ukung'ute mapovu. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka; jibu ndilo msongamano wa madini yake. Dola ya Morgan ya gramu 26.73 itaonyesha karibu 2.59, jibu 10.3. Rupia 15 ya Tabora itaonyesha karibu 0.47, jibu kama 15. Shaba ya njano yenye uzito uleule ingeonyesha 0.84 hivi. Jibu lisipolingana, kosa la kawaida ni povu lililonasa kwenye uzi, kwa hiyo rudia mara tatu.

Nimeuziwa riale ya Maria Theresa ya 1780 kwa bei ya sarafu ya kale. Lebo inasema ni toleo la baadaye. Je, ni bandia? (Msomaji, Maskati)

Si bandia. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki 1780 na mwaka huo ukabaki kwenye sarafu zote zilizoendelea kupigwa, Vienna, London, Roma na kwingine. Sarafu ni halali, ulicholaghaiwa ni bei. Bandia zipo pia: angalia ukingo, maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA lazima yawe yameinuka, na uzito uwe gramu 28.07.

Nilipe vipi? (Wasomaji kadhaa)

Kwa njia inayokupa muda wa kulalamika. Malipo ya bidhaa kwa PayPal hukupa siku 180 za kufungua shauri. Chaguo la marafiki na familia halikupi hata moja, na ndilo wauza bandia hulipenda. Dhamana ya eBay kwa kawaida ni siku 30 tangu mzigo ufike. Kwa M-Pesa ukimtumia mgeni hela, kuzirudisha ni kwa hisani yake. Piga video ukiufungua mzigo, tangu gundi ya bahasha hadi namba ya lebo, bila kukata.