Shangazi Anajibu: Mwanangu hakai kitini uwanjani, analazimishwa?

Shangazi, shikamoo. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuo cha Texas A&M, Marekani. Kila mechi ya futiboli yao ya Kimarekani anasimama mwanzo hadi mwisho, zaidi ya saa tatu, na kiti kipo nyuma yake. Usiku wa kuamkia mechi wanakwenda uwanjani saa sita kupiga mayowe, wakati hakuna anayecheza. Majuzi kanitumia video: maelfu ya vijana wameshikana mabega wanayumba huku na huku. Baba yake anasema hiyo ni dini ngeni. Nimemlea kanisani, nina wasiwasi. Je, analazimishwa? Je, ni salama?
*Mama Kelvin, Morogoro*

Marahaba, Mama Kelvin. Mwambie Baba Kelvin atulie, si dini. Nilisoma hapohapo College Station, mji wa chuo hicho, na nimesimama kwenye majukwaa hayohayo ya uwanja wao, Kyle Field, kwa hiyo nakueleza ninachokijua.

Kusimama kwao kumetokana na kijana mmoja. Tarehe 2 Januari 1922, A&M walicheza Dallas na Centre College, timu iliyokuwa tishio kwa sababu ilikuwa imetoka kuifunga Harvard msimu huohuo. Wachezaji wa A&M wakaumia mmoja baada ya mwingine, mpaka kocha Dana X. Bible akaona benchi linamwishia. Akamkumbuka E. King Gill, mwanafunzi aliyekuwa ameacha futiboli ili acheze mpira wa kikapu, na ambaye siku hiyo alikuwa juu kwa waandishi wa habari akiwasaidia kuwatambua wachezaji. Akaitwa. Akashuka, akavaa jezi ya mwenzake aliyeumia, akasimama kando ya uwanja akisubiri. Hakuingizwa hata dakika moja. A&M wakashinda 22 kwa 14, na mpira ulipoisha, mchezaji wa akiba aliyebaki alikuwa yeye peke yake.

Kila upande una wachezaji 11, basi Gill akawa wa 12. Siku hizi wanafunzi wote wanajiita Mchezaji wa 12, na wanasimama kumaanisha kwamba wakiitwa, wako tayari kushuka. Hili ndilo linalonigusa mpaka leo: chuo kikubwa namna ile, chenye uwanja wa watu zaidi ya 102,000 (wa Mkapa wetu ni 60,000), kimechagua kumuenzi mtu ambaye hakugusa mpira. Vyuo vingine vina desturi zao. Madison, Wisconsin, wanaruka kabla ya robo ya nne ya mchezo hadi jukwaa linatikisika. Iowa, tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka kuwapungia mkono watoto wagonjwa walio madirishani mwa hospitali ya jirani. Hiyo ya Iowa peke yake ndiyo ninayoiweka bega kwa bega na ya A&M.

Kuyumba kwao kwenye video kusikutishe. Wapinzani wao wakubwa ni Chuo Kikuu cha Texas, ambacho nembo yake ni ng'ombe wa pembe ndefu. Vijana wanaposhikana na kuyumba, mstari huu kulia na ule kushoto, wanaigiza msumeno unaokata zile pembe. Ukiwa katikati yao unausikia uwanja wote ukienda nawe.

Mayowe ya saa sita usiku yanaitwa Midnight Yell, nayo ni mazoezi kabisa. Wanafunzi wanawapigia kura wenzao watano kuongoza ushangiliaji. Siku ya mechi sauti zao haziwezi kuwafikia watu wengi vile, hivyo wanatoa ishara za mikono, na walio mbele wanazirudisha nyuma mstari kwa mstari hadi juu kabisa. Mtu asipojifunza ishara hizo usiku, kesho atapotea. Jambo moja nisikufiche: mwishoni taa huzimwa, na wenye wapenzi wao hubusiana. Kelvin akisimama zake kimya gizani, hakuna atakayemuuliza. Tena jambo utakalolipenda: pale kumzomea mpinzani ni mwiko.

Kulazimishwa, hapana. Tiketi ananunua mwenyewe, na akiumwa akae. Ila macho ya wenzake yatamsukuma asimame, hilo lipo, na mtoto wa mwaka wa kwanza hulihisi zaidi. Mimi ningemhimiza mambo mawili. Kwanza maji: Septemba Texas jua hupita nyuzi 35, na anayesimama bila kunywa huanguka. Pili, tiketi hugawiwa siku za wiki kabla ya mechi, wakubwa wakianza na mwaka wa kwanza wakimalizia, na foleni ni ndefu. Asikubali foleni imle kipindi cha darasani.

Sasa usalama. Uwanjani sina hofu naye. Swali langu liko kwenye magogo. Zamani wanafunzi walijenga kwa mikono yao mnara mkubwa wa magogo na kuuchoma kabla ya mechi na Texas. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1999 mnara uliporomoka wakiwa juu yake. Wakafa 12, wakaumia 27. Chuo kikasitisha, na mahali pale pakajengwa ukumbusho. Ukipaona huwezi kusema neno. Lakini wapo wanafunzi wanaoendelea kujenga moto huo nje ya chuo, bila chuo kuhusika. Muulize Kelvin waziwazi kama amejiunga nao, na kama amejiunga, mkataze. Sitakubembeleza katika hilo.

Kuhusu kanisa, mechi karibu zote ni Jumamosi, na College Station ina makanisa mengi. Mpigie Jumapili asubuhi, umuulize ameamkia lipi.